Pesa za Maabara Zisiguswe

Bajeti ya safari za anga za juu ikijadiliwa, macho yote huwa kwenye roketi. Sisi tunaona mafungu ya maabara za nyenzo, zile zinazotengeneza vitu vyepesi vilivyojaa vitundu, ndiyo yanayostahili kulindwa kwanza.

Mwaka 1931 mwanakemia Mmarekani Samuel Kistler alifaulu kuondoa umajimaji ndani ya jeli bila jeli yenyewe kunywea. Alichobaki nacho, erojeli, ni kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa. Kwa miaka mingi soko lake lilikuwa dogo.

Kisha ikaja Stardust. Chombo hicho cha NASA kilirushwa Februari 1999, na tarehe 2 Januari 2004 kikapita karibu na kometi Wild 2 kikiwa na erojeli ya kunasa vumbi lake, vumbi hilo likikijia kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, chembe ikigonga bati huyeyuka au hugeuka mvuke. Ikigonga erojeli hupenya, ikipasua kuta nyembamba moja baada ya nyingine na kupungua mwendo, hadi inasimama. Nyuma yake hubaki tundu lenye umbo la karoti. Watafiti walifuata matundu hayo kwa hadubini mpaka nchani, wakazikuta chembe. Baadhi zilikuwa na madini yaliyoumbika kwenye joto kali, ajabu kubwa kwa kometi, inayodhaniwa kuzaliwa kwenye baridi, mbali na Jua. Baadaye ikapatikana pia glisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini.

Mzigo huo ulikuwa umerudi Duniani ndani ya kapsuli Januari 2006 kwa kilomita 12.9 kwa sekunde, na kilichozuia kapsuli isiungue ni nyenzo nyingine yenye vitundu: nyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini ya fenoli.

Erojeli ya silika ina kasoro moja kubwa: huvunjika upesi. Watafiti wa kituo cha NASA Glenn, Cleveland, wameunda ya polima iliyo imara mara nyingi zaidi, na karatasi zake nyembamba hukunjwa bila kupasuka. Kazi ya namna hiyo haiishi ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Tunalitaka Bunge la Marekani liwape fungu la miaka mingi, lisilongoja safari fulani itangazwe kwanza.