Usimfungie Mtoto Taa kwa Taima

Siku hizi ukiingia katika maduka ya vifaa vya umeme, iwe Muleba au Bukoba mjini, hukosi kuonyeshwa kijisanduku cheupe chenye duara la namba, ambacho muuzaji atakusifia kuliko dawa ya mganga. Hiyo ndiyo taima ya kuchomeka. Unaichomeka kwenye soketi, kisha unachomeka kifaa chako juu yake, unapanga saa ya kuwaka na saa ya kuzimika, na ati kuanzia hapo luku yako itadumu. Wapo wazee wenzangu hapa Kagoma ambao wameinunua, wakaifunga nyumbani, na sasa wanatembea kifua mbele kama watu waliogundua madini.

Mimi sina ugomvi na kijisanduku. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Kwa maoni yangu, katika nyumba nyingi za kwetu taima haibani umeme. Inawabana watu, tena wale wasio na sauti katika nyumba, huku walaji wakubwa wa umeme wakiendelea kula bila kuulizwa.

Tuanze na asili ya kitu chenyewe, maana chombo kisichojulikana kilikotoka huwa kinafanya kazi isiyo yake. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya soketi ya ukutani haina swichi. Ukitaka kukata umeme unachomoa plagi. Mtu wa huko akifunga taima, amejipatia kitu ambacho ukuta wake haukumpa. Nako Uingereza, mwaka 1978 walianzisha bei maalumu ya usiku iliyoitwa Economy 7, ambapo umeme wa saa 7 za usiku uliuzwa kwa bei ya chini kuliko wa mchana. Hapo taima ina maana kamili: unaipanga ichemshe maji ya tangi usiku wa manane, umeme ukiwa rahisi, na asubuhi unaoga.

Je, sisi tuna bei ya usiku kwa watu wa majumbani? Hatuna. Uniti ya saa tisa usiku na uniti ya saa mbili usiku zina bei ileile. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Mita haiulizi umewasha saa ngapi. Inauliza umetumia kiasi gani, basi. Anayekushauri uhamishie kazi zako usiku ili uokoe fedha amesoma kitabu cha nchi nyingine.

Na soketi zetu je? Tulirithi zile za Kiingereza, za pini tatu bapa, na nyingi zina swichi yake pembeni. Serikali ya mkoloni ilituachia mambo mengi ya kulaumiwa, lakini hilo la swichi tuwashukuru. Kidole kimoja kinafanya kazi ya taima bila kununuliwa, bila kuharibika na bila kula umeme.

Nasema bila kula umeme kwa makusudi, maana hapa ndipo penye kichekesho. Taima nayo inakula. Ile ya duara ina mota ndogo inayozunguka usiku na mchana, na kwa kawaida hutumia kama wati 1. Ni kidogo, lakini haipumziki. Wati 1 kwa saa 24 kwa siku 30 ni wati-saa 720, yaani karibu robo tatu ya uniti. Sasa chukua balbu ya kisasa ya wati 9, ile anayosomea mtoto. Ukiifungia taima ili uipunguzie saa 2 kila usiku, kwa mwezi umeokoa wati-saa 540. Umeokoa 540 kwa kutumia 720! Mzee wangu, umeajiri mlinzi anayekula chakula kingi kuliko anachokilinda.

Tena tusisahau mambo ya kwetu. Duara la taima limeandikwa saa 24 za kizungu, nasi tunahesabu saa kuanzia macheo. Nimeona mtu mwenye akili zake ameweka alama kwenye 2 akitaka taa iwake saa mbili usiku, taa ikawaka saa nane usiku watu wote wamelala. Alitakiwa aweke kwenye 20. Na hata ukiipanga sawasawa, umeme ukikatika ile mota inasimama. Ukikatika saa kumi jioni ukarudi saa moja, taima imechelewa saa 3, na itaendelea kuchelewa hivyo mpaka uizungushe mwenyewe kwa mkono. Taa uliyopanga izimike saa nne itazimika saa saba. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ndefu inayotoka Masaka mpaka Kyaka, na mtu aliyeishi huku hahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Zipo taima za kisasa zenye betri ndani ambazo hazipotezi saa, lakini zinazonunuliwa zaidi ni zile za bei ya chini, na rahisi ni ghali.

Hayo ni ya hesabu na ufundi. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine.

Katika kaya moja ninayoifahamu, baba amefunga taa ya mezani ya sebuleni kwenye taima. Ndiyo taa ya kusomea ya nyumba nzima. Inawaka saa moja jioni, inazimika saa tatu kamili. Anasema ameweka nidhamu. Basi tazama nidhamu hiyo inavyofanya kazi. Watoto wa kiume wanarudi, wanaoga, wanakaa mezani saa moja na nusu. Binti, aliye kidato cha pili, wakati huo yuko jikoni anamenya ndizi na kupepea moto. Chakula kinaivishwa, kinaliwa, vyombo vinaoshwa, maji ya kuoga ya baba yanapelekwa bafuni. Binti anapofuta mikono yake na kushika daftari, ni saa tatu kasorobo. Ana dakika 15. Halafu kijisanduku kinalia "tik", na giza linaingia. Anabaki na tochi ya simu ya mama yake, ikiwa ina chaji.

Nilimwambia baba huyo, "Mzee mwenzangu, umewagawia watoto mwanga sawa, lakini hukuwagawia kazi sawa." Akanijibu, "Mwalimu, nyumba bila sheria ni soko." Nikamuuliza kwa mwezi taa ile inakula shilingi ngapi. Hakujua. Na hilo ndilo ninalolipiga vita: sheria iliyotungwa na mtu asiyejua bei ya anachokikataza.

Mimi najua, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tano. Wati 9 mara saa 5 mara siku 30 ni wati-saa 1,350, yaani uniti 1 na theluthi hivi. Kwa mteja mdogo ni shilingi 135 kwa mwezi mzima. Kwa mteja wa T1 haifiki hata shilingi 400. Kwa fedha hiyo tunamnyima binti saa mbili za kusoma kila siku, kisha matokeo ya mtihani yakitoka tunasema wasichana hawana akili ya hesabu. Nani hapo hana akili ya hesabu?

Nyumba hiyohiyo ina friji, televisheni na king'amuzi. King'amuzi kinazimwa kwa rimoti tu, na watu wanaamini kimelala. Hakikulala. Vingi vya aina hiyo hula kama wati 10 hata vikiwa kwenye taa nyekundu, na hizo kwa mwezi ni zaidi ya uniti 7. Ni mara tano ya taa ya binti. Swichi ya ukutani iko pale, kidole kipo, lakini king'amuzi hakikufungwa taima kwa sababu ni cha baba.

Au tuchukue msimu wa senene. Siwaonei kijicho wanaowatega, maana senene ni chakula chetu na ni biashara yetu, na usiku wa Novemba usio na taa za senene si Novemba ya Bukoba. Lakini balbu ya wati 400 ikiwaka saa 8 imekula uniti 3 na zaidi kwa usiku mmoja, ambazo zingetosha taa ya mtoto kwa zaidi ya miezi miwili. Anayeweza kuvumilia balbu hiyo kwa ajili ya senene asije akaniambia kwamba mwanga wa daftari unafilisi nyumba.

Basi umeme unaliwa na nini? Unaliwa na joto. Ndugu msomaji, kama utasahau mengine yote, hili lishike. Kitu kinachotoa mwanga au sauti hula kidogo; kitu kinachotoa joto hula kama fisi. Hita ya maji ya wati 1,500 ikiwaka saa moja tu imekula uniti 1 na nusu, zaidi ya taa ya binti mwezi mzima. Birika la umeme la wati 2,000, pasi ya wati 1,000, jiko la koili, hao ndio wa kuwakalia kikao. Na katika nyanda zetu za baridi, kama Kamachumu, watu wanapenda maji ya moto, na hita za tangi zinaachwa zimewaka kuanzia asubuhi mpaka asubuhi. Tangi likipoa kidogo linajichemsha tena, na anayeoga hayupo.

Hapo, na hapo hasa, saa ina kazi. Hita iwashwe muda mfupi kabla ya kuoga, izimwe. Lakini tahadhari: taima ya kuchomeka nyingi imeandikwa ampea 13, na ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Hita ya wati 3,000 imeshaipita. Ukiichomeka humo itapata moto, plastiki itayeyuka, na utakachookoa kwenye luku utakilipa kwa paa la nyumba. Hita inataka swichi yake ya ukutani na fundi anayejua kazi, na ikiwa ni taima, basi iwe ile nzito inayofungwa na fundi kwenye waya wa hita. Bei yake si ya mchezo. Kidole bado kipo.

Friji nayo wasiidanganye. Friji ina saa yake ya ndani: ikipoa inajizima, ikipata joto inajiwasha. Ukiifungia taima usiku kucha, asubuhi itafanya kazi mfululizo kurudisha baridi iliyopotea, na nyama yako itakuwa imeanza safari. Kifaa chenye saa kinachoifaa friji ni kile kidude cha kuilinda, ambacho umeme ukirudi kinangoja dakika chache kabla ya kuiruhusu iwake. Hicho kinunueni, kitaokoa mota ya friji.

Najua nitajibiwa: mtu husahau, mashine haisahau. Ni kweli, na sikatai kwamba taima ina mahali pake. Mfugaji wa kuku wa mayai anayetaka kuwapa kuku wake mwanga wa saa 16 kwa siku bila kuamka alfajiri, taima inamfaa sana. Kuku hana mtihani wa kidato cha pili, hapiki, haoshi vyombo, na ratiba yake haibadiliki. Lakini mwanadamu ana siku za mgonjwa, siku za mgeni, siku za msiba na siku za mtihani. Nyumba inayoongozwa na duara la namba haijui kutofautisha siku hizo.

Isitoshe, anayesahau hafunzwi kukumbuka kwa kukatiwa. Anafunzwa kwa kuonyeshwa. Waite watoto wako mbele ya mita. Zima kila kitu, waonyeshe namba. Washa balbu peke yake, waangalie. Kisha washa birika, waone taa ya mita inavyometa mbio. Somo hilo la dakika kumi linazidi taima kumi. Mtoto aliyeliona atazima pasi bila kufokewa, naye ataweza kukuuliza kwa adabu, "Taata, mbona hita imewaka tangu asubuhi?" Nadhani ndilo swali ambalo baadhi yetu tunaliogopa, na ndiyo maana tunapenda sheria zinazowabana wengine.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye nyumba wa Kagoma na kwingineko ni fupi. Kabla ya kununua taima, soma namba ya wati iliyoandikwa nyuma ya kila kifaa chako, izidishe kwa saa unazokitumia, na uandike orodha kuanzia mlaji mkubwa. Anza kubana juu ya orodha, si chini. Utakuta jina lako liko juu na taa ya binti iko mkiani. Basi yake iache iwake mpaka amalize kusoma, tena usiku mmojammoja uoshe wewe vyombo, naye akae mezani tangu saa moja.