Wimbo Ukirudiwa, Mwenyewe Yuko Wapi?

Kila mara wimbo wa zamani unapoimbwa upya na kijana wa leo, husikika hukumu moja: wameuharibu. Hukumu hiyo huitolewa vijiweni Temeke, huitolewa studio za redio, na wenzangu wa chuo kikuu nao huitoa kwa lugha ndefu zaidi. Siikubali. Mwimbaji wa pili kuupeleka wimbo mbali kuliko alivyoupeleka wa kwanza si uharibifu, wala si wizi kwa asili yake. Katika sanaa ya sauti ndivyo mambo yalivyo tangu zamani, na nyimbo nyingi zisingefika kwetu bila mrudiaji. Dhuluma ninayotaka kuizungumzia leo haimo katika koo la anayerudia. Imo katika karatasi.

Tuanze na mfano ambao hauhitaji maelezo Tandale wala Mbagala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Kihaya kutoka Kagera, alivuma nchi nzima kwa wimbo Maria Salome, ambao wengi tuliuita Chambua Kama Karanga. Ngoma yake ilikuwa ya nyumbani kwao, sauti ikipanda juu bila kuomba msaada wa mashine, na maneno mengi yakiwa ya Kihaya. Watu wasiojua hata salamu ya Kihaya waliuimba harusini huku Pwani kwa kubuni matamshi, na hakuna aliyewacheka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, aliyelelewa Tandale hapa Kinondoni, akiwa na Rayvanny, akatoa Salome. Jina likapunguzwa, mwendo ukaongezwa, maneno yakawa ya mapenzi ya mjini, na kiini cha wimbo wa Saida kikabaki humo kama mfupa ndani ya nyama. Ulitazamwa mtandaoni mara makumi ya mamilioni. Nimeuliza zaidi ya mara moja darasani nani anaujua wimbo huo. Mikono yote hupanda. Nikiuliza habari za Maria Salome, hupanda michache, na aghalabu ni ya wanafunzi waliolelewa na bibi zao.

Je, wa pili umeupita wa kwanza? Kwa hesabu ya watazamaji, ndiyo, tena kwa mbali. Ila hesabu hiyo ina kasoro ambayo wachache huitaja. Kanda za Saida zilidurufiwa kiholela na kuuzwa mikononi na mezani, na hakuna aliyehesabu ni ngapi. Mtandao huhesabu kila kubofya. Kanda ya magendo haikumhesabu mtu. Kwa hiyo tunalinganisha wimbo uliopimwa kwa mizani na wimbo uliopimwa kwa kumbukumbu za watu. Kwa sikio langu Salome ni kazi safi ya biashara ya muziki, na Maria Salome ni kazi kubwa zaidi. Lakini ninakiri pia kwamba bila Salome, kijana wa miaka kumi na minane leo asingekuwa na mlango wa kumfikia Saida. Mwaka 2017 Saida mwenyewe alirudi na wimbo mpya, Orugambo, akakuta wasikilizaji wanaomngoja. Sijui mzee gani wa kijiweni angeweza kumfanyia hivyo kwa kulalamika tu.

Kuna wimbo mwingine ambao hukumu yangu ni tofauti kabisa. Malaika ulirekodiwa Nairobi na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, sauti yake ikiwa ya upole, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Kisha Miriam Makeba akauchukua. Mwaka 1965 ukatoka katika santuri aliyoimba na Harry Belafonte, baadaye wakaja Boney M, mwaka 1991 akaja Angélique Kidjo, na siku hizi hakuna hoteli ya kitalii kuanzia Kunduchi hadi Nungwi isiyoupiga. Hapo mimi nasimama na Makeba bila kusita. Lafudhi yake ya kusini inasikika katika Kiswahili chake, lakini aliingia ndani ya huzuni ya wimbo ule kwa kina ambacho rekodi ya kwanza haikukifikia.

Sasa tazama kinaya chake. Malaika ni kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa kwa sababu hana mali. Wimbo wa mtu asiye na fedha umezunguka dunia miaka sitini ukiingiza fedha, huku mabishano kuhusu aliyeutunga yakiendelea hadi leo: Fadhili William alidai ni wake, Adam Salim akadai aliutunga zamani zaidi, katika miaka ya 1940, na Fadhili amefariki mwaka 2001 bila mabishano hayo kuisha. Tukiwa Watanzania tumeyageuza kuwa mechi ya watani wa jadi, Kenya na Tanzania, kana kwamba bendera ndiyo inayolipwa mirabaha. Wakati sisi tunabishana juu ya uraia wa wimbo, waliokuwa na karatasi walikuwa wanahesabu.

Utamaduni wetu wenyewe ulikuwa na adabu ya jambo hili kabla ya kuwepo sheria yoyote. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliacha hazina ya nyimbo. Fatuma binti Baraka, tunayemjua kwa jina la Bi Kidude, alizichukua, akazivua mavazi ya ukumbini, akaziimba kwa sauti iliyokwaruzwa na miaka na moshi. Ulimwengu wa nje ulimjua Bi Kidude kuliko ulivyomjua Siti. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Lakini hakuficha alikozitoa. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimsikiliza Siti tangu utotoni. Kila alipong'aa, jina la Siti lilikuwa pale pale kando yake. Huo ndio urudiaji ninaoutetea.

Turudi bara, tena usiku. Katika baa za Temeke na Kinondoni kuna kazi inayoitwa kupiga kopi. Bendi ya watu watano au sita hupanda jukwaani na kupiga nyimbo za wengine mpaka alfajiri: Marijani Rajabu aliyefariki mwaka 1995, Remmy Ongala, Mlimani Park, na rumba za Kongo zisizohesabika. Nina kawaida ya kukaa baa moja kule Tandika siku za mwisho wa wiki, na ninaweza kusema bila aibu kwamba nimesikia hapo solo za gitaa zilizo bora kuliko zile za rekodi za Radio Tanzania. Mpiga gitaa wa kopi ameupiga wimbo mmoja kwa miaka ishirini. Mwenye wimbo huenda aliurekodi mara moja, asubuhi moja, kwa haraka. Si ajabu anayerudia akamzidi. Ajabu ni kwamba katika miaka yote hiyo sijawahi kuona bendi ikiandika orodha ya nyimbo ilizopiga usiku ule. Mwenye baa anatakiwa awe na kibali cha kupiga muziki, sawa. Lakini fedha ya kibali itagawanywaje kwa watunzi ikiwa hakuna anayejua kilichopigwa? (Na hili ni jiji ambalo makondakta wa daladala hutangaza Sinza kwa Remmy kutwa nzima. Kituo tumekipa jina la mwanamuziki. Nyimbo zake tunazipiga bila jina.)

Singeli imelileta suala hili karibu zaidi. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walipouanza muziki huo walichukua vipande vya ala za taarab, wakavizungusha na kuviongeza kasi hadi vikawa kitu kipya kabisa, kitu ambacho leo kinachezwa hata katika matamasha ya Ulaya. Ni ubunifu, na atakayeuita uvivu ajaribu mwenyewe. Lakini mpiga fidla au kinanda ambaye mkono wake unasikika ndani ya kipande hicho hayupo mahali popote pale fedha inapogawanywa.

Nitajibiwa kwamba mkataba ni mkataba, na aliyeuza ameuza. Hoja hii ina nguvu mpaka tuitazame historia ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi Mbube jijini Johannesburg, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Mwaka 1961 kikundi cha The Tokens cha Marekani kikaurudia kwa Kiingereza, ukawa miongoni mwa nyimbo maarufu kuliko zote za karne ile. Linda akafa maskini mwaka 1962. Kilichowasaidia binti zake si huruma ya mtu. Sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika katika himaya yake, ilisema kwamba haki zilizouzwa na mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Kifungu kilichoandikwa London kwa ajili ya watunzi wa vitabu ndicho kilichoikuta familia ya Soweto.

Sheria yetu Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, na inalinda kazi yake uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Ni sheria nzuri kwa aliyebaki na haki mkononi. Lakini watunzi wetu wa enzi ya kanda waliziachia haki hizo mlangoni mwa studio, wengi wakiwa hawana mwanasheria, na baadhi wakihitaji nauli ya kurudi nyumbani. Ulinzi wa miaka 50 unamlinda nani hapo? Unamlinda mnunuzi. Ninachopendekeza ni kifungu cha marejeo kama kile cha 1911, tena kisisubiri kifo: baada ya miaka 25 ya mauzo, haki imrudie mtunzi angali hai, au wanawe kama hayupo. Wenye studio watalia. Wamekula miaka 25.

Pendekezo la pili halihitaji Bunge. Msanii anayetoa wimbo wa kurudia aandike jina la mtunzi katika mstari wa kwanza wa maelezo chini ya video, kabla ya jina la mtayarishaji, la mpiga picha na la mshona nguo. Na redio ilitaje jina hilo kabla ya wimbo kuanza. Bendi ya Tandika nayo inunue daftari la shilingi elfu moja. Jumamosi iliyopita nilihesabu nyimbo walizopiga kuanzia saa nne usiku hadi saa nane: zilikuwa thelathini na moja, na kati ya hizo nne za Marijani.