Mtoto Akisema Atakuwa "Mama wa Fuso"

Wiki hii tuache viuatilifu kidogo, tuzungumzie vicheko.

Ukikaa na watoto huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita, ukawauliza watakuwa nani wakikua, majibu unayajua. Mmoja ataendesha lile gari kubwa la mgodini, ambalo tairi lake limemzidi baba yake urefu. Mwingine atakuwa na karasha lake. Wa tatu anataka duara, likitoa mawe mazuri anunue V8. Wazazi tunacheka mpaka machozi, tunamwita na jirani aje asikie. Sasa subiri mmoja aseme "mimi nitakuwa mkulima." Hapo pia tunacheka, lakini si kicheko kile. Hiki kina huruma ndani yake, na mtoto anakisikia vizuri tu.

Sisemi tusicheke. Mtoto wa miaka sita anayepanga kununua ndege na kuilaza zizini na ng'ombe, utamfanyaje? Cheka. Ila mimi naamini ndoto ya mtoto ni taarifa ya alichokiona, na sisi tunaojiita wakulima biashara tuisome taarifa hiyo kama tunavyosoma bei za soko.

Msimu uliopita nilikuwa kwa mkulima mmoja wa mpunga upande wa Kahama, siku anauza. Nikamuuliza binti yake swali hilohilo. Akajibu bila kufikiri: "Nitakuwa mama wa Fuso." Alimaanisha mnunuzi aliyekuja na gari. Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye: "Jamani, huyu kashanikimbia!"

Lakini fikiria alichokiona yule binti. Baba kashinda jarubani miezi, matope mpaka magotini. Mama kafukuza kwelea kwelea mpaka sauti imekauka. Halafu anashuka mtu na viatu safi, anashindilia gunia mpaka linavaa kilemba, bei anataja yeye, noti anahesabu yeye. Ungekuwa na miaka sita ungemchagua nani? Kwa kweli alifanya uchambuzi wa soko ambao mimi huchukua semina nzima kuueleza.

Na hao wa mgodini nao wana hesabu yao, tuifanye. Mgodi wa Buzwagi, hapohapo Kahama, ulianza uzalishaji 2009 ukafungwa 2021. Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka ule wa kwanza, akaota kuendesha gari la Buzwagi, alifikisha miaka 18 mwaka mgodi unafungwa. Sisemi dhahabu ni mbaya, hela ya machimbo ndiyo inanunua mchele wenu na nyanya zenu. Nasema mtoto anaona gari, haoni tarehe ya kufunga. Shamba nalo analiona nusu: anaona jembe, haoni daftari.

Tena jembe lenyewe analionaje? Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunzia. Leo mtoto akichelewa namba, adhabu ni kulima. Akifika nyumbani akikosea, palizi. Halafu tunashangaa anakimbilia duarani kabla hata hajamaliza darasa la saba, na duarani mnajua yanayotokea mvua zikinyesha.

Kwa hiyo, wewe mwenye watoto wadogo, mpe tuta moja la mchicha liwe lake kweli. Mbegu mkopeshe, mchicha anunue mama yake kwa bei ya sokoni, deni alipe, kinachobaki kiwe chake. Ukikichukua "nikutunzie" umeharibu, bora usingeanza.

Mpunga nao unakaribia kuvunwa. Siku ya kuuza tafuta mizani, hata kwa kuchangia watu watano, na kumbuka sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Mwite binti yako asimame karibu na mizani, akusomee namba, wewe uandike. Mnunuzi akinuna kwa sababu umekataa lumbesa, mtoto atakuuliza mbele yake kwa nini yule mama kakasirika. Mjibu hapohapo, kwa sauti.