Bima ya Mstaafu Si Hisani

Iko dhana moja iliyoenea Marekani, inayosikika katika mabaraza ya miji, katika tahariri za magazeti na katika vinywa vya walipa kodi wema, ya kwamba bima ya afya wanayopewa wastaafu wa serikali ni hisani tu ya mwajiri mkarimu: hazina ikijaa hutolewa, hazina ikipwaya huondolewa, na mzee aliyekuwa akiipata hana dai lolote ila kushukuru kwa siku alizofaidi. Kwa mujibu wa dhana hiyo, jimbo linapotunga sheria ya kuwalinda wastaafu wasipokonywe bima, huwa limewapendelea watu wachache kwa mali ya watu wengi. Nakusudia kuipinga dhana hii mizizi na matawi, kwa sababu haina ukweli katika hesabu wala insafu katika hukumu, na kila ilipoachiwa kutawala imewadhulumu watu wasio na uwezo wa kujitetea.

Na tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwalimu, askari wa zimamoto, mfagizi wa barabara au karani wa mahakama anapoajiriwa na jimbo au mji wa Marekani, aghalabu haahidiwi mshahara peke yake. Huahidiwa ujira wenye sehemu tatu, yaani fedha atakayopokea mwezi hata mwezi, pensheni atakayoipata akistaafu, na bima ya afya itakayomsitiri akiwa kazini na, mahali pengi, hata baada ya kuiacha kazi. Sehemu hizo hupimwa pamoja katika mizani moja. Chama cha wafanyakazi kikidai nyongeza ya mshahara, mwajiri huweza kujibu kwamba nyongeza haipatikani mwaka huu, lakini yu tayari kuahidi matibabu mema uzeeni. Na chama kikiridhia, wanachama wake huwa wameiacha fedha ya leo kwa ajili ya dawa ya kesho. Fundi mwashi aliyekubali nusu ya ujira wake ilipwe siku ya kuezeka, kisha siku hiyo ilipowadia akaambiwa kwamba ile nusu ilikuwa zawadi na mwenye nyumba hana tena moyo wa kutoa, hahitaji kadhi wa kumfahamisha kwamba amedhulumiwa. Mstaafu yu katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye alingoja miaka thelathini.

Mahakama ya Juu ya Illinois iliuona ukweli huu bayana. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1970 yasema kwamba uanachama katika mfuko wowote wa pensheni wa umma ni mapatano yenye nguvu ya sheria, na kwamba mafao ya uanachama huo hayatapunguzwa wala kudhoofishwa. Chini ya utaratibu uliokuwapo, jimbo lilimlipia mstaafu asilimia 5 ya mchango wake wa bima kwa kila mwaka aliotumika, hata aliyetimiza miaka 20 akawa halipi kitu. Mwaka 2012 Baraza la Kutunga Sheria likapitisha, naye Gavana Pat Quinn akatia sahihi, sheria iliyoufuta utaratibu huo na kumpa mkurugenzi mmoja wa idara ya serikali mamlaka ya kuamua kila mwaka kiasi ambacho jimbo litachangia. Wastaafu wakashitaki. Serikali ikajitetea kwamba Katiba yalinda pensheni tu, wala bima haimo. Tarehe 3 Julai 2014, katika shauri la Kanerva dhidi ya Weems, majaji sita dhidi ya mmoja wakaikataa hoja hiyo: Katiba imetaja mafao ya uanachama, haikusema pensheni peke yake, na bima ni fao mojawapo katika hayo.

Lakini si kila jimbo lina Katiba ya namna hiyo, wala si kila mahakama husoma kwa jicho hilo. Katiba ya New York nayo ina kifungu cha kulinda mafao ya wastaafu, kilichokubaliwa mwaka 1938. Hata hivyo, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, iliamua kwamba kifungu hicho hakiifikii bima ya afya. Kuanzia hapo wastaafu wa shule wakabaki wazi, mpaka mwaka 1994 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, lililoko Albany, lilipotunga sheria ya muda ya kuwalinda, ikahuishwa mwaka baada ya mwaka, na mwishowe, mwaka 2009, ikafanywa ya kudumu. Nawasihi wanaoilaumu sheria hiyo waisome kwanza. Haimwambii mwajiri kwamba asipunguze abadan. Yamwambia tu kwamba wilaya ya shule haina ruhusa ya kupunguza bima ya wastaafu ila iwe imepunguza kwa kadiri hiyo hiyo bima ya wafanyakazi walio kazini. Pana upendeleo gani hapo? Mstaafu hakupewa chochote ambacho kijana aliyeko darasani hana. Amehakikishiwa tu kwamba dhiki ikija, hataibeba yeye peke yake.

Na kinga hiyo inahitajika kwa sababu ambayo wapinzani wake hawapendi kuitaja. Mfanyakazi akistaafu hutoka mezani. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la wafanyakazi wa viwanda, kwamba wastaafu si waajiriwa kwa maana ya sheria ya kazi, na mwajiri halazimiki kujadiliana na chama juu ya mafao yao. Na katika ajira ya umma hali haiko mbali na hiyo. Chama huwakilisha walio kazini, na walio kazini ndio wanaopiga kura ya kukubali au kukataa mapatano. Basi mwajiri anapotafuta mahali pa kubana matumizi, na chama kinapotafuta nyongeza ya mshahara wa wanachama wake, ni rahisi mno kwa pande mbili zilizopo kupatana juu ya mali ya upande wa tatu usiokuwapo. Sisemi kwamba viongozi wa vyama ni watu wabaya. Nasema kwamba mtu asiye na kura wala kiti hana kimbilio ila sheria.

Anayeliona hili kuwa khofu tupu na atazame jiji la New York, ambalo wastaafu wake wengi hawamo katika sheria ile ya shule. Mwaka 2021 serikali ya jiji na muungano wa vyama vya wafanyakazi walipatana kuwahamisha wastaafu wapatao 250,000 pamoja na wategemezi wao, kutoka mpango wa Medicare, yaani bima ya wazee ya serikali kuu, ukisaidiwa na bima ya nyongeza, kwenda mpango wa Medicare Advantage unaoendeshwa na kampuni ya binafsi, kwa tumaini la kuokoa dola milioni 600 kwa mwaka. Wenye maradhi walikuwa wao. Waliotia sahihi walikuwa wengine. Wastaafu wakaunda jumuiya, wakachangishana, wakaenda mahakamani, wakashinda mara kadhaa katika mahakama za chini, hata mwezi Juni 2025 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu kwa upande wa jiji. Kisha Meya Eric Adams akatangaza kwamba hata hivyo hatawahamisha kwa wakati huo. Wapo waliosherehekea, na nawaelewa. Lakini mwenye akili aone kilichotokea. Bima ilibaki, walakini ilibaki kwa radhi ya mtu mmoja, naye alikuwa mtu wa kuchaguliwa, mwenye muhula na mwisho wake. Hiyo ndiyo hisani inayosifiwa, na hiyo ndiyo sura yake: leo ipo, kesho yategemea aliyeamka ofisini.

Wapinzani hujibu kwamba hapana haja ya yote haya, maana Medicare ipo. Kweli ipo, tangu sheria yake ilipotiwa sahihi mwaka 1965. Lakini huanza, kwa walio wengi, mtu afikapo miaka 65, ilhali askari wa zimamoto na polisi hustaafu mapema zaidi kwa sababu kazi yao hula mwili kabla ya uzee kuufikia. Waajiriwa wa majimbo na miji walioanza kazi kabla ya mwezi Aprili 1986 hawakulazimishwa wote kuichangia, na baadhi yao hawakuichangia kamwe. Hata kwa aliyemo, Medicare ya asili humwachia asilimia 20 ya gharama za madaktari, bila ya kikomo cha mwaka, na kwa kawaida haigharimii meno wala miwani. Kumwambia mzee mwenye saratani kwamba hahitaji bima ya nyongeza kwa kuwa anayo Medicare ni kumwambia kwamba sehemu moja katika tano ya hesabu isiyojulikana mwisho wake si kitu.

Hujibu tena kwamba gharama ni nzito. Hapa sina ubishi: matibabu Marekani ni ghali kupita kiasi, na uzito huo ni wa kweli. Ninachobisha ni taksiri kutupiwa wastaafu. Majimbo na miji mingi haikuweka akiba kwa ajili ya ahadi hii. Ililipa gharama za kila mwaka kwa fedha za mwaka ule ule, na kilichopaswa kuwekwa kikatumika kwingine. Kwa miaka mingi hata vitabu vya hesabu havikulionyesha deni hilo kwa ukamilifu wake, mpaka bodi inayoweka kanuni za uhasibu wa serikali za majimbo na miji ilipoagiza, mwaka 2004, kwamba liandikwe. Likaandikwa, watu wakashtuka kwa ukubwa wake, wakasema wastaafu wametuletea deni. Deni halikuzaliwa siku lilipotiwa daftarini. Lilikuwako tangu siku ahadi ilipotolewa badala ya mshahara, na raia wa wakati ule, waliolipa kodi nafuu wakafundishiwa watoto na kuzimiwa moto, ndio waliofaidi.

Na mwisho wa dhana hii umekwisha kuonekana Detroit. Katiba ya Michigan hulinda pensheni, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba bima ya afya si fao linalolindwa na Katiba. Jiji la Detroit lilipoomba kufilisika, mwezi Julai 2013, zilipimwa ahadi mbili alizopewa mtu yule yule kwa kazi ile ile. Pensheni ya wastaafu wa kawaida wa jiji ilipunguzwa asilimia 4.5, wakanyimwa na nyongeza ya kufuata ughali wa maisha, na hayo yalikuwa machungu; lakini ahadi ya bima ya afya ilikatwa karibu sehemu tisa katika kumi. Pale ahadi ilipoitwa deni iliheshimiwa kwa kiasi, na pale ilipoitwa hisani ilifagiliwa.

Wala msomaji wa Dar es Salaam asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kanuni ya kikokotoo cha pensheni ya mwaka 2018, ambayo iliwashusha baadhi ya watumishi kutoka malipo ya mkupuo ya asilimia 50 hadi 25, ilizua malalamiko makubwa, hata Rais Magufuli akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huo huo. Watumishi walipumua, lakini kilichowapa pumzi kilikuwa neno la mkuu wa nchi, na mwaka 2022 ilipokuja kanuni mpya ikaweka asilimia 33.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Sheria ya kulinda bima ya wastaafu haiwapi wazee mali ya mtu. Humzuia mdaiwa asijifanye mfadhili. Miswada ya kuieneza kinga ya shule iwafikie na wastaafu wa miji, wilaya na vijiji vya New York imeletwa Albany mara kwa mara, na wastaafu hao bado wangali nje ya mlango. Wabunge wa huko na waipitishe, kwa maneno yale yale machache ya mwaka 1994. Na mlipa kodi anayenung'unika na ajiulize kwanza ni nani aliyemfundisha kusoma hati anayoilalamikia.