Anayeshtaki Polisi Alindwe na Nani?

Tarehe 7 Julai 1997, askari wenye marungu na gesi ya kutoa machozi waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waumini na wanamageuzi waliokuwamo. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Siku zile aliyeumizwa na askari hakuwa na pa kushtaki ila katika kituo cha polisi, mbele ya meza ya wenzake waliomuumiza. Ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Hatusemi kwamba hakuna kilichobadilika. Katiba ya 2010 ilipatikana, na mwaka 2011 Bunge likaunda IPOA, chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya mwaka huo huo, yaamuru katika Jedwali lake la Sita kwamba nguvu ya askari ikisababisha kifo au jeraha baya, mkubwa wake aiarifu IPOA mara moja na pahali pa tukio palindwe. Yaamuru pia kwamba askari aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake, na kwamba amri haramu ya mkubwa haiwi kinga. Ni maneno mazuri. Lakini katika maandamano ya 2024 na 2025 nchi nzima iliwaona askari waliofunika nyuso, bila sare wala nambari.

Msomaji na akumbuke yaliyompata Josephat Mwendwa, mwendeshaji wa bodaboda. Alipigwa risasi na polisi mwaka 2015, akafanya kama sheria inavyomshauri: akapeleka malalamiko IPOA. Mwezi Juni 2016 alitoka mahakamani Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Maiti zao ziliopolewa mtoni, Oldonyo Sabuk. Ilikuwa Julai 2022 mahakama ilipowatia hatiani polisi watatu na mpasha habari wao, na adhabu zikatolewa Februari 2023.

Sisi mawakili tuliipokea hukumu ile kwa heshima. Hata hivyo haikujibu swali lililo muhimu zaidi. Kwa nini aliyelalamikiwa aliachwa na uwezo wa kumfikia mlalamishi? IPOA huchunguza, ila mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na daftari la silaha na kitabu cha matukio vimo mikononi mwa kituo kile kile kinachoshutumiwa. Barua ya malalamiko hupigwa mhuri, ikatiwa katika faili. Mwenye barua hurudi kijijini peke yake, kwa miguu.

Tunadai mawili. Askari anayelalamikiwa kwa kumpiga mtu risasi apokonywe silaha na ahamishwe siku ile ile, bila kunyimwa mshahara, maana yeye naye hajahukumiwa. Na ulinzi wa mashahidi uanze malalamiko yanapopokelewa, usingoje kesi ifike mahakamani.

Kwa makanisa, tunaomba jambo dogo. Kila parokia iwe na mtu mmoja wa kuandika, usiku ule ule, saa, mahali, nambari ya gari na majina ya walioona, kisha amsindikize mlalamishi. Asiende peke yake, na nakala ya maandishi ibaki kanisani.