Keki ya Mtu Mmoja Si Uchoyo

Kuna swali nimechoka kuulizwa: "Unampikia nani?" Jumamosi iliyopita aliniuliza shangazi kwa simu. Nilikuwa nimemwambia naoka keki, akafurahi, akadhani kuna mgeni, tena mgeni wa maana. Nilipomwambia ni yangu peke yangu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hizo nguvu ziweke, mama. Utazihitaji ukiolewa."

Sina ugomvi na shangazi. Ugomvi wangu ni na hilo wazo, ati kitu kitamu lazima kiwe na shahidi. Keki ni ya bathdei, ya harusi, ya watu kuja. Ukiwa peke yako jioni ya kawaida, chai na mkate zinatosha. Ni akili ile ile iliyofungia sahani nzuri kwenye kabati la kioo sebuleni zikingoja wageni, huku sisi watoto tukila kwa sahani za plastiki. Wageni walikuja mara mbili kwa mwaka. Sisi tulikuwa pale kila siku.

Halafu tazama jiji lenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu 4,397,073 katika kaya 1,506,888. Gawanya uone: hata watatu kwa kaya hawafiki. Lakini fungua mapishi ya keki, unaambiwa mayai manne na nusu kilo ya unga. Mimi nakaa bedsita. Nina mtungi wa gesi wa kilo 6, sina oveni, sina friji. Keki ya watu wanane kwangu ni keki ya kuharibika.

Cha ajabu, sisi ndio mabingwa wa vipimo vidogo. Mafuta tunapimiwa, sukari tunanunua robo, yai linauzwa moja. Tunaiita kadogo na hakuna anayeona haya. Dhiki tumekubali kuipima kwa kadogo. Raha ndiyo tunataka mpaka ijae debe!

Basi mimi hufanya hivi. Napaka mafuta kikombe kikubwa cha bati. Navunja yai moja, nalipiga na vijiko vikubwa viwili vya sukari, viwili vya mafuta na viwili vya maziwa. Naongeza vijiko vikubwa vinne vya unga wa ngano, robo kijiko cha chai cha beking pauda, na iliki mbili zilizotwangwa. Nakoroga tu hadi unga upotee. Nafunika kikombe kwa foili, nakitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji yafike nusu ya kikombe, nafunika sufuria na kupunguza moto. Baada ya dakika 25 hivi nachomeka njiti. Ikitoka kavu, imeiva. Juu haiwi kahawia kwa sababu ni mvuke, lakini ndani ni laini, na nyumba nzima inanukia iliki.

Najua utaniambia mtu ni watu. Kweli bana. Siku ya kualikana nialike, nitakuja na keki kubwa, na mkitaka kunimwagia maji, sawa. Wala sisemi keki ya kikombe inaponya upweke. Jumamosi hiyo nilikuwa nimemaliza siku mbili bila kuongea na mtu ana kwa ana, na baada ya keki bado nilikuwa peke yangu. Lakini upweke ni shida moja. Kujinyima kwa sababu uko peke yako ni shida ya pili, na hiyo tunajiletea wenyewe.

Shangazi anakuja Nairobi mwezi ujao. Nitaoka vikombe viwili. Ila kabla hajafika kuna Jumamosi tatu hapo katikati, na siziachi zipite na mkate mkavu.