Chama cha ushirika kisilipie kazi moja mara sitini

KILIO cha mkulima wa zao la biashara kwa miaka mingi kimekuwa ni mizani, bei na makato. Siku hizi kimeongezeka kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni kompyuta. Malipo yakichelewa, mkulima huambiwa kwamba mfumo unafanyiwa marekebisho. Wiki hupita, marekebisho hayajaisha, na mwisho wa msimu bili ya marekebisho hayo huingia kwenye gharama za chama. Anayelipa ni yule yule mwenye gunia.

Jambo hili si dogo, kwa sababu kilimo kinazidi kuhamia kwenye kompyuta. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilirudisha ruzuku ya mbolea na kutenga Sh150 bilioni, na mkulima aliitakiwa kwanza awe ameandikishwa. Nchini Kenya nako wakulima waliandikishwa mwaka 2023 kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU. Mbali na mifumo hiyo ya serikali, vipo vyama na wafanyabiashara wa mazao wenye programu zao wenyewe za kupokea mazao, kukopesha pembejeo na kulipa wakulima.

Swali la kiuchumi hapa ni moja: kwa nini badiliko linaloonekana dogo huchukua muda mrefu na fedha nyingi? Sehemu ya jibu ni kwamba kazi inayoweza kufanywa mara moja hufanywa kwa mkono mara nyingi. Na dawa yake imo ndani ya kompyuta hiyo hiyo ambayo chama kimekwisha kuinunua.

Daftari ndani ya daftari

Programu yoyote ya kupokea mazao huhifadhi taarifa zake katika kanzidata. Kanzidata ni sawa na kabati la madaftari. Kila daftari huitwa jedwali: moja la wanachama, moja la mapokezi ya mazao, moja la mikopo ya pembejeo, moja la malipo. Kila jedwali lina safu zake, kwa mfano jina, namba ya simu, tarehe na kilo.

Wasichojua viongozi wengi wa vyama ni kwamba kabati hilo lina daftari jingine ambalo kompyuta hulijaza yenyewe. Humo hamna jina la mkulima wala kilo zake. Mna orodha ya majedwali yote yaliyopo, majina ya safu za kila jedwali, na aina ya taarifa inayoruhusiwa katika kila safu, kama ni maneno, namba au tarehe. Wataalamu huziita metadata, yaani taarifa kuhusu taarifa.

Wazo hili si geni. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alitoa mwaka 1970 andiko lililozaa kanzidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Mwaka 1985 alichapisha masharti ambayo kanzidata ya kweli lazima iyatimize. Sharti la nne lilisema kwamba maelezo ya kanzidata yahifadhiwe kwa namna ile ile ya taarifa nyingine, ili mtumiaji mwenye ruhusa aweze kuyauliza kwa lugha ile ile. Mwaka 1992 kanuni za kimataifa za lugha ya SQL ziliipa orodha hiyo jina rasmi, INFORMATION_SCHEMA. PostgreSQL inayo tangu toleo la mwaka 2003, na MySQL tangu toleo la mwaka 2005. Zote mbili zinapatikana bila kulipia leseni. Oracle na SQLite zina orodha za namna hiyo kwa majina yao.

Kwa hiyo chama hakihitaji kununua kitu kipya. Kinahitaji mtaalamu anayejua kuuliza.

Kazi inayojiandika

Tuchukue mfano wa chama kikuu chenye kanzidata ya majedwali 60. Mkutano mkuu umeazimia kwamba kila badiliko la kumbukumbu liache alama: nani alibadili, saa ngapi, kilo zilikuwa ngapi kabla na zimekuwa ngapi baada. Azimio hili ni la maana. Bila alama hiyo, kilo 480 zinaweza kugeuzwa 430 usiku na asubuhi hakuna wa kuulizwa.

Ili azimio litekelezwe, kila jedwali linahitaji amri tatu za kunasa matukio: taarifa inapoingizwa, inapobadilishwa na inapofutwa. Majedwali 60 mara amri tatu ni amri 180. Zinafanana karibu neno kwa neno. Kinachobadilika ni jina la jedwali na majina ya safu.

Mtaalamu wa kwanza ataketi na kuziandika moja baada ya nyingine. Tukikadiria dakika 20 kwa kila amri, kazi itachukua saa 60, yaani siku saba na nusu za kazi. Akilipwa Sh200,000 kwa siku, bili ni Sh1,500,000.

Mtaalamu wa pili ataandika kiolezo kimoja, mfano wa kitabu cha stakabadhi ambacho maneno yote yamekwisha kuchapwa na zimeachwa nafasi za jina na kilo. Kisha ataiuliza kanzidata: nipe majina ya majedwali yote na safu zake, na kila jina uliweke kwenye nafasi iliyoachwa katika kiolezo hiki. Jibu linalotoka ni amri 180 zilizokamilika. Tumpe siku nzima ya kuandaa kiolezo na siku nyingine ya kukagua na kujaribu. Bili yake ni Sh400,000.

Tofauti ni Sh1,100,000. Tukiigawa kwa chama chenye wanachama 550, kila mmoja ameokoa Sh2,000. Fedha hiyo haimtajirishi mtu. Lakini mabadiliko hayaji mara moja. Mwaka 2017, kwa mfano, ushuru wa mazao wa halmashauri nchini Tanzania ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kila mwenye programu ya malipo alitakiwa kuibadili. Mabadiliko matatu ya ukubwa wa mfano wetu katika msimu mmoja hufikisha Sh3,300,000. Tena zipo siku zilizookolewa, na katika msimu wa mauzo siku tano na nusu za kusubiri malipo zinatosha kumfanya mkulima auze gunia linalofuata kwa mlanguzi.

Jedwali lililosahaulika

Hata hivyo, faida kubwa kuliko ya fedha ni ukamilifu. Anayeandika amri 180 kwa mkono huchoka, na anayechoka husahau. Akisahau jedwali moja kati ya 60, programu itaendelea kufanya kazi vizuri na hakuna atakayegundua. Tatizo ni kwamba jedwali hilo linaweza kuwa la mikopo ya pembejeo au la makato. Mwenye nia mbaya akiligundua kabla ya mkaguzi, atapitia hapo hapo.

Orodha ya ndani hutoa njia ya kuhakiki. Mtaalamu huiuliza kanzidata: ni majedwali yapi hayana amri ya kunasa mabadiliko? Jibu linakuja kwa majina. Likija tupu, kazi imekamilika. Swali hilo linaweza kuulizwa kila mwezi, hata miaka mitatu baada ya mtaalamu kuondoka. Mkaguzi wa nje, awe wa COASCO au mwingine, akipewa jibu hilo ana mahali pa kuanzia.

Aidha, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Chama kinachoshika namba za simu, za vitambulisho na za akaunti za benki za wanachama kina wajibu wa kuzilinda, na huwezi kulinda usichojua kiko wapi. Swali moja kwa orodha ya ndani linaweza kutaja kila jedwali lenye safu inayoitwa simu, kitambulisho au akaunti. Mara nyingine nakala za zamani zilizosahaulika, zilizotengenezwa kwa majaribio tu, hujitokeza hapo.

Upo ukumbusho mwingine kwa nyakati hizi ambapo programu za akili mnemba zinatumika kuandika amri za kompyuta. Ili kuandika amri za aina hii, programu hizo zinahitaji kujua majina ya majedwali na safu. Hazihitaji majina ya wakulima. Mtaalamu anayetuma orodha ya wanachama na simu zao nje ya chama ili asaidiwe kuandika programu ametoa kitu ambacho hakikuhitajika.

Mahali inaposhindwa

Njia hii ina mipaka, na viongozi waijue kabla ya kuahidiwa makubwa.

Kwanza, kosa likiwa ndani ya kiolezo, linanakiliwa mara 180. Mwandishi wa mkono hukosea hapa na pale, mashine hukosea kila mahali kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, kiolezo kijaribiwe kwenye jedwali moja kwanza, katika nakala ya majaribio, na amri zilizozalishwa zisomwe na mtu kabla hazijapelekwa kwenye kanzidata inayolipa watu. Nakala ya akiba ichukuliwe kabla ya kazi kuanza.

Pili, orodha ya ndani hujua umbo, haijui maana. Inaweza kusema kwamba safu ya uzito inapokea namba. Haisemi kama namba hiyo ni kilo, debe au gunia la lumbesa. Na ikiwa namba ya simu iliwekwa kwenye safu iliyoitwa "maelezo2", swali la kutafuta simu litaipita. Majina mabovu huzaa majibu mabovu.

Tatu, swali huonyesha kile tu ambacho muulizaji ana ruhusa nacho. Katika PostgreSQL na MySQL, akaunti yenye ruhusa ndogo huona sehemu tu ya majedwali katika INFORMATION_SCHEMA. Chama kilichopewa akaunti hiyo kinaweza kuhesabu majedwali 40 na kudhani ndiyo yote, kumbe yako 60.

Nne, hakuna swali la kompyuta litakalotambua mkulima hewa. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, kazi ngumu ilikuwa uhakiki, kumtenganisha mwenye shamba na mnunuzi wa kangomba. Hiyo ni kazi ya watu wanaojuana kijijini, si ya orodha ya majedwali.

Na kwa chama kidogo kinachotumia daftari la karatasi au faili moja la kompyuta, hakuna haja ya haya yote. Majedwali matatu yanaandikwa kwa mkono kwa siku moja.

Mkataba ndio unaoamua

Kama njia ni ya zamani na haina gharama ya leseni, mbona haitumiki kila mahali? Ujuzi ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine imo kwenye mkataba. Mtaalamu anayelipwa kwa siku hana sababu ya kumaliza siku saba na nusu kwa siku mbili, maana atakuwa amejipunguzia kipato. Anayelipwa kwa kazi iliyokamilika ana kila sababu ya kuharakisha, lakini faida yote inabaki kwake kama bodi haijui kazi hiyo inachukua muda gani. Katika hali zote mbili, mkulima hafaidiki mpaka bodi yake iulize.

Yapo mambo matano ambayo bodi inaweza kuyaandika kwenye mkataba bila kuwa na elimu ya kompyuta. Malipo yawe kwa badiliko lililokamilika na kuhakikiwa, yasiwe kwa idadi ya majedwali wala siku. Kiolezo na maswali yaliyozalisha amri vikabidhiwe kwa chama pamoja na amri zenyewe, ili mtaalamu mwingine aweze kuendelea. Neno la siri la ngazi ya juu la kanzidata liwe mikononi mwa chama, katika bahasha iliyofungwa ikibidi. Kila safu iwe na jina linaloeleweka na maelezo yanayotaja kipimo chake, maana kanzidata kama PostgreSQL na MySQL huruhusu maelezo hayo kuhifadhiwe humo humo. La mwisho, mtaalamu atoe matokeo ya swali la ukamilifu, yaani orodha ya majedwali yaliyobaki bila ulinzi, kabla hajalipwa awamu ya mwisho.

Mfanyabiashara mdogo mwenye duka la pembejeo na programu ya mauzo anaweza kudai hayo hayo kwa kiwango chake. Muuzaji wa programu akimwambia kwamba kuongeza safu moja katika kila jedwali ni kazi ya mwezi, amuulize kama anaandika kwa mkono au anaiuliza kanzidata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa chama cha leo daftari lipo, na limekwisha kujiandikia orodha ya kurasa zake. Kinachobaki ni bodi kuidai orodha hiyo kabla ya msimu kufunguliwa, kwa sababu ghala likishafunguliwa hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuhesabu majedwali.